Fatima, Mary na Albamu ya Pili

Desemba 2012 gazeti la The New York Times lilichapisha makala ya aina ambayo wasanii huikwepa. Mwandishi alikuwa K'naan, rapa mzaliwa wa Mogadishu, na albamu yake mpya, Country, God or the Girl, ilikuwa bado ya moto sokoni. Badala ya kuipigia debe, aliikosoa. Alisimulia jinsi wakubwa wa lebo walivyokaa naye kwenye kifungua kinywa na kumweleza kwamba msikilizaji anayetafutwa sasa ni msichana wa Kimarekani wa miaka 15, ambaye Somalia haimhusu. Hakuna aliyemtishia wala kumfungia studio. Alikwenda mwenyewe, akashika kalamu, akajikata maneno. Katika nyimbo zilizotoka, aliandika, Fatima alikuwa amegeuka Mary, na Mohamed amekuwa Adam.

Ni rahisi kuisoma makala hiyo kama kisa cha lebo kubwa kumla msanii mdogo. Lakini lebo haikai mezani na msanii asiyeuza. Ili kifungua kinywa kile kiandaliwe, ilibidi kwanza K'naan afanikiwe, na mafanikio hayo yalitoka kwenye albamu iliyotangulia, Troubadour, ya Februari 2009. Hapo Fatima alikuwa bado yupo kwa jina lake. Wimbo mzima unaitwa yeye, msichana wa Mogadishu ambaye vita vilimkatiza. Albamu iliyombeba Fatima ndiyo hiyo hiyo iliyoleta sababu ya kumwondoa.

Troubadour ilikuwa albamu ya pili ya msanii aliyeanza kwa kishindo, na ilimkuta na mtihani ambao mashabiki wa hip hop wanaujua vizuri: soko likafurahi, wahakiki wakagawanyika, na waliompenda tangu mwanzo wakaanza kuuliza kama huyu ni yule yule.

Yule wa mwanzo alitoka kwenye nyumba ya maneno. Jina lake kamili ni Keinan Abdi Warsame. Babu yake, Haji Mohamed, alikuwa malenga, na shangazi yake, Magool, ni miongoni mwa waimbaji wakubwa kabisa ambao Somalia imewahi kuwa nao. Mwaka 1991, dola ilipokuwa inaanguka, familia iliondoka Mogadishu, ikapita Harlem huko New York, kisha ikatua Rexdale, mtaa wa wahamiaji jijini Toronto. Miaka kadhaa baadaye kijana huyo alipanda jukwaani Geneva, kwenye maadhimisho ya miaka 50 ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, akaghani shairi la kuulaumu Umoja wa Mataifa wenyewe kwa yaliyotokea Somalia. Youssou N'Dour alikuwa miongoni mwa waliomsikia, na hakumsahau. Baadaye walifanya kazi pamoja.

Albamu ya kwanza, The Dusty Foot Philosopher, ilitoka 2005 na mwaka uliofuata ikampatia tuzo ya Juno ya Kanada kwa rekodi bora ya rap. Wimbo uliomtambulisha, Soobax, unachanganya Kisomali na Kiingereza, na unawaita wababe wa vita watoke nje wajibu. Usikilize mara moja tu utajua unasema na nani. Si wimbo kuhusu vita kwa ajili ya watu wanaotaka kujifunza habari za vita. Ni maneno ya mtu mmoja kuwaelekea watu fulani, kwa lugha yao, na sisi wengine tumeruhusiwa kusimama pembeni na kusikia. Nguvu ya albamu ile ilikuwa hapo. Midundo ilikuwa ya kawaida kuliko ya marapa wengi wa wakati ule. Kilichoshika ni kwamba kila mstari ulikuwa na wa kuambiwa.

Kwa Troubadour, K'naan alikuwa na lebo ya Marekani na mfuko mkubwa zaidi. Sehemu ya kazi ilirekodiwa Kingston, Jamaika, kwenye studio za Tuff Gong na kwenye nyumba aliyokuwa akiishi Bob Marley. Alichota sampuli za muziki wa zamani wa Ethiopia, na hilo lilikuwa jambo jema. Pia waliitwa wageni wengi: Mos Def, Chali 2na, Chubb Rock, Damian Marley, Adam Levine wa Maroon 5, na Kirk Hammett, mpiga gitaa wa Metallica. Wahakiki wengi waliisifu kalamu yake. Wengine waliona albamu imejaa watu, viitikio vimenyooshwa vikalingana na redio, na sauti ya mwenyewe inatafuta pa kukaa.

Kuna ushahidi mmoja ambao msikilizaji anaweza kuupima kwa masikio yake. Wimbo If Rap Gets Jealous upo kwenye albamu zote mbili. Ulirekodiwa upya kwa ajili ya ile ya pili, na Hammett akawekewa nafasi ya gitaa lake zito. Ukiyasikiliza matoleo hayo mawili kwa kufuatana, unasikia fedha ilichofanya. Toleo la pili ni kubwa, lina misuli, linafaa kiwanja kilichojaa. La kwanza linakufanya usogee karibu ili usipitwe na neno. Hakuna la aibu kati ya mawili hayo, ila kila moja linamwona msikilizaji wake mahali tofauti.

Halafu kuna Wavin' Flag.

Ulivyotoka kwanza kwenye Troubadour, beti zake zilizungumza umaskini, vita na watu wanaoambiwa wasubiri. Januari 2010 tetemeko liliipiga Haiti, na wasanii wa Kanada wakaurekodi upya kwa pamoja kuchangisha fedha. Toleo hilo lilishika namba moja nchini humo. Wakati huo huo Coca-Cola ilikuwa imeuchagua kuwa wimbo wake wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, la kwanza kuchezwa katika bara hili. Kwa kazi hiyo beti zilibadilishwa: vita vikatoka, sherehe ikaingia, kiitikio kikabaki. Yakafuata matoleo ya pamoja na waimbaji wa nchi mbalimbali, David Bisbal kwa Kihispania, Nancy Ajram kwa Kiarabu. Ukapanda hadi namba moja Ujerumani na kwingineko Ulaya. Wimbo rasmi wa FIFA ulikuwa Waka Waka wa Shakira na Freshlyground, uliochota kutoka Zangaléwa ya Kameruni, lakini watu wengi wanaoukumbuka mwaka ule hukumbuka nyimbo zote mbili kwa pamoja.

Mhakiki anayedharau jambo hilo hajawahi kuimba na watu elfu moja. Wimbo wa umma una kazi yake. Kijana aliyekimbia Mogadishu akiwa mtoto alisikika katika viwanja, mabaa na harusi za bara zima, na hakuna sababu ya kumnyima furaha hiyo. Tatizo lilianza baada ya filimbi ya mwisho. Mafanikio ya albamu ya pili hayakuwa mafanikio ya albamu. Yalikuwa ya wimbo mmoja, tena wa toleo lililopunguzwa. Soko lilichagua kipande hicho, kisha likaja kumtaka msanii mzima awe kipande hicho. Fatima hakuwa kwenye hesabu. Kwa hiyo pale mezani hakuna aliyehitaji kumwambia K'naan aachane naye. Takwimu zilikuwa zimeshamwambia.

Kwenye makala yake alikumbusha hadithi ya mbweha aliyetaka kuiga mwendo usio wake, mwisho akausahau hata ule aliozaliwa nao. Methali ya "mwacha asili ni mtumwa" inakuja haraka mdomoni hapa, lakini haitoshi. K'naan hakuacha asili. Bendera, ukimbizi, Afrika, vyote vilibaki katika nyimbo zake. Kilichoondoka ni mtu. Asili inaweza kubaki kama vazi la jukwaani wakati yule uliyekuwa ukizungumza naye ameshaenda zake.

Kisa kinachotajwa kuliko vyote katika hip hop kinathibitisha hilo, na pia kinawaonya wahakiki. Aprili 1994 Nas, kijana wa miaka 20 kutoka Queensbridge, New York, alitoa Illmatic. Jarida la The Source liliipa maiki tano, alama yake ya juu kabisa. Mauzo yalikuwa ya wastani. Ndani yake kuna One Love, wimbo ulioandikwa kama barua kwa marafiki walio gerezani: nani kazaliwa, nani kafa, nani wa mtaani amebadilika. Julai 1996 ikaja It Was Written. Watayarishaji Trackmasters waliisafisha sauti, Lauryn Hill akaimba kiitikio cha If I Ruled the World, na Nas akavaa jina la Escobar, mtu wa suti na magari. Albamu iliingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Billboard na mwaka huo huo ikapata hadhi ya platinamu mara mbili. Wahakiki wengi walisikitika. Aliyewaandikia wafungwa barua alikuwa sasa anatangaza angefanya nini kama angeitawala dunia.

Huzuni yao ilikuwa na msingi, ila iliwaziba masikio. Ndani ya albamu hiyo kuna I Gave You Power, ambamo bunduki yenyewe ndiyo inayosimulia maisha yake kutoka mkono hadi mkono. Ni miongoni mwa mambo bora aliyoyaandika. Miaka ilivyopita, wengi walirudi kuisikiliza It Was Written wakakuta mengi waliyoyaruka, na leo wapo wanaoiweka juu kabisa katika kazi zake. Mwaka 1996 waliisikiliza wakitafuta Illmatic nyingine. Hawakuipata, wakafunga kitabu. Hivyo lawama ya albamu ya pili huwa na sehemu mbili: ile anayoistahili msanii, na ile inayotokana na mapenzi yetu kwa albamu ya kwanza. Mhakiki mwadilifu huzitenga.

Bongo nayo ina mfano wa kuweka kwenye mizani. Joseph Haule, yaani Professor Jay, alijitenga na kundi la Hard Blasters, akatoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001. Humo mlikuwa na Ndiyo Mzee, dhihaka kwa mwanasiasa anayeahidi kila kitu kwa umati unaoitikia kila kitu. Mwaka 2003 alitoa Mapinduzi Halisi, na wimbo uliotamba humo, Zali la Mentali, alioimba na Juma Nature, haukuwa wa siasa hata kidogo: kijana wa hali ya chini anapendwa na mwanamke mwenye uwezo. Kwa kipimo cha ujumbe, mtu angeweza kusema ameshuka. Lakini Kiswahili ni kile kile cha mtaani, utani ni ule ule, na anayesimuliwa ni yule yule aliyekuwa kwenye umati wa Ndiyo Mzee, safari hii akiwa nyumbani na mambo yake ya moyo. Mada ilibadilika, msikilizaji akabaki. Mwaka 2015 wapigakura wa Mikumi walimpeleka bungeni.

Swali la wimbo unasema na nani linasikika kwa namna ya pekee Rusizi, wilaya ya kusini magharibi mwa Rwanda ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu. Kamembe iko juu ya kilima. Chini ni Ziwa Kivu, mto Rusizi unaoanza safari yake kuelekea Tanganyika, daraja, na ng'ambo yake Bukavu. Kigali iko mbali, nyuma ya msitu wa Nyungwe, safari ya basi ya saa kadhaa. Bukavu unaweza kwenda kwa miguu. Mawimbi ya redio hayajui mpaka: redio ya jamii ya Rusizi inasikika ng'ambo, na Radio Maendeleo ya Bukavu inasikika huku. Kijana anayekulia hapo anazungumza Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni na kwenye mpaka, Kiingereza darasani, na Kifaransa kimebaki kwa wakubwa zake. Akitoka kisiwa cha Nkombo anaongeza Kihavu. Bungeni Kigali Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Huko Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga karibu na Burundi na Kongo, kilikuwa kikitumika zamani bila kusubiri sheria.

Kwa rapa, utajiri huo wa lugha ni baraka yenye mtego. Anaweza kupanga wimbo mmoja uguse Kigali, Bukavu, Bujumbura na Dar es Salaam kwa mpigo: ubeti wa Kinyarwanda, kiitikio cha Kiswahili, neno la Kifaransa hapa na la Kiingereza pale. Kila lugha inaweza kumfungulia mtu mlango. Inaweza pia kumfichia kwamba hana tena wa kumwambia jambo. Wimbo wa lugha nne unaosema na kila mtu kwa jumla hauna tofauti kubwa na Mary wa K'naan. Na ubeti wa Kiswahili cha mpakani unaomwelekea mama anayevuka daraja na kapu la samaki, kwa jina lake na kwa deni lake, unaweza kueleweka Mombasa bila mtu kuupunguza chochote.

Rwanda imekwishaona rap ikiingia sokoni kwa mlango wa mbele. Shindano la Primus Guma Guma Super Star, lililodhaminiwa na kiwanda cha bia cha Bralirwa kuanzia 2011 hadi 2018, liliwazungusha wasanii mikoani na kuwaacha mashabiki wapige kura. Mwaka 2013 alishinda Riderman. Mwaka 2014 Jay Polly, sauti nzito ya kundi la Tuff Gang, ambaye alifariki Septemba 2021. Marapa wawili mfululizo, wote wakirap Kinyarwanda cha mitaani, wote wakipewa taji na umma uliokuwa na waimbaji wa mapenzi tele wa kuwachagua. Anayeamini kwamba soko daima hudai maji yaongezwe kwenye maziwa ana la kujibu hapo. Na mwaka 2024 Riderman na Bull Dogg, mkongwe mwingine wa Tuff Gang, walitoa pamoja Icyumba cy'Amategeko, albamu ya mistari na hoja, bila kuukana umri wao wala mitaa yao.

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, uko Ubelgiji, na una damu ya Rwanda. Paul Van Haver, Stromae, alizaliwa Brussels mwaka 1985. Baba yake, mchora ramani za majengo, aliuawa Rwanda katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Stromae alianza kama rapa, na albamu yake ya kwanza, Cheese, ya 2010, ilimfanya maarufu kwa wimbo wa kuchezwa. Kila kitu kilikuwa tayari kwa albamu ya pili kuwa mwendelezo wa dansi na fedha. Mwaka 2013 alitoa Racine carrée. Iliuza zaidi ya nakala milioni 2, na wimbo uliotangulia mbele ni Papaoutai, ambamo mtoto anauliza baba yuko wapi. Mdundo ni wa klabu. Maneno yanamwelekea mtu mmoja, ambaye hayupo. Oktoba 2015 aliuleta Kigali, akauimba katika nchi alikouawa baba huyo, mbele ya maelfu ambao wengi wao walikuwa na mtu wao wa kumuuliza vivyo hivyo.

Hapo ndipo kisingizio cha takwimu kinapoporomoka. Msichana wa Kimarekani wa miaka 15, yule aliyewekwa mezani kama sababu ya kumfuta Fatima, ana wenzake Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi. Hao walimpokea baba wa Stromae bila kuijua Kigali. K'naan mwenyewe aliliona hilo kufikia mwisho wa makala yake: uzito wa historia ulioko kwenye sauti hauwezi kufichwa, na huenda wasikilizaji hawakuwahi kuomba ufichwe. Aliyewasemea ni mtu wa lebo aliyewakadiria kuwa wadogo kuliko walivyo.

Kazi iliyobaki haiko kwa wasanii peke yao. Albamu hupimwa vibaya pale ambapo hakuna anayeisikiliza yote. Redio nyingi za ukanda huu hupiga wimbo mmoja mpaka uchakae, kisha hualika msanii kumuuliza habari za mapenzi yake na gari lake. Mtangazaji wa Kamembe au Bukavu angeweza kuifungua albamu ya pili ya kijana wa huko kwa saa nzima, wimbo baada ya wimbo, na kumuuliza kila mmoja ameuandikia nani, na mtu huyo akiusikia leo kwenye redio atajitambua au la. Jibu litamgharimu msanii zaidi ya swali lolote kuhusu mauzo. Na akijibu kwamba wimbo wa tatu ni wa dada fulani wa kwenye mpaka, na wa saba hajui ni wa nani, wasikilizaji wa pande zote mbili za mto watakuwa wamepata mahali pa kuanzia kuijadili albamu yake.